Labani Akibadilisha Mshahara Mara Kumi

Somo: Mwanzo 29 hadi 31
Mstari wa kukumbuka: Mwanzo 31:42

 

Jumapili hii tuliongea jambo ambalo huwa tunaliongea kila mahali isipokuwa kanisani. Tunaliongea kwenye matatu ya saa kumi na moja asubuhi. Tunaliongea kwenye kibanda cha chapati saa ya lanchi. Tunaliongea kwa WhatsApp usiku wakati tulipaswa kuwa tumelala. Jambo lenyewe ni bosi, tena yule bosi anayekudhulumu.

Sisi tunajua sana kuombea kazi. Mtu akiwa hana kazi tunamwekea mikono, tunafunga naye, na akiipata anakuja mbele kutoa ushuhuda na vigelegele vinapigwa. Lakini miezi 6 baadaye hakuna anayemuuliza: ile kazi Bwana alikupa, wanakulipa? Wanakulipa tarehe ngapi? Unapumzika siku gani? Na yeye mwenyewe anaogopa kusema, kwa sababu alisimama hapa mbele akasema ni Mungu amempa. Sasa atarudi vipi kusema kazi hiyo hiyo inammaliza?

Dada mmoja wa kanisa hili aliniuliza swali baada ya ibada ya katikati ya wiki. Anadai mishahara ya miezi 3. Akaniambia, "Pasta, nikidai pesa yangu, si nitakuwa nimekataa kumwachia Mungu?" Nikamwambia anipe siku chache. Nilikuwa na jibu, lakini niliona swali hilo si lake peke yake, na linastahili kujibiwa mbele ya watu wote. Kwa hivyo haya ndiyo majibu.

Nitayaweka kwa ufupi, halafu tuyapitie polepole. Kumwachia Mungu si kunyamaza. Mungu anaona kila saa uliyofanya kazi. Na kwa sababu anaona, unaweza kufanya kazi kwa mikono safi, kudai mchana peupe, na kuondoka bila kuiba.

Labani na maneno ya "sisi ni familia"

Fungua nami Mwanzo 29. Yakobo amefika Harani akiwa mkimbizi. Hana mali, hana mtu, amemkimbia kaka yake. Mjomba wake Labani anakimbia kumlaki, anamkumbatia, anamleta nyumbani na kumwambia wao ni damu moja. Yakobo anakaa hapo mwezi mzima, na ukiendelea kusoma mstari wa 15 utaona kwamba katika mwezi huo alikuwa tayari anafanya kazi, kwa sababu Labani ndiye anayeanza kusema haifai amtumikie bure.

Angalia hapo. Labani hakuanza kwa ukali, alianza kwa kukumbatia. Wengi wetu tunaofanya kazi kuanzia Mlolongo hadi Athi River tumewahi kusikia maneno hayo siku ya kwanza: "Hapa kwetu sisi ni familia." Halafu mwisho wa mwezi ukifika, familia inakwambia uvumilie kidogo.

Wakakubaliana miaka 7 kwa ajili ya Raheli. Mkataba wa mdomo. Yakobo akamaliza miaka yake yote, harusi ikafanywa, na asubuhi akajikuta na Lea. Alipouliza, Labani akajibu kwamba kwao si desturi kumwoza mdogo kabla ya mkubwa. Hebu nikuulize, desturi hiyo ilianza jana usiku? Mbona haikutajwa mwaka wa kwanza? Kuna kanuni za kazi ambazo mfanyakazi huzisikia kwa mara ya kwanza siku ya kulipwa. Mwambie jirani yako, "Labani bado yuko."

Yakobo akafanya miaka 7 mingine. Halafu akafanya 6 kwa ajili ya mifugo. Jumla ni miaka 20, na katika Mwanzo 31:41 anasema mshahara wake ulibadilishwa mara 10.

Sasa kuna mtu ataniambia, "Lakini Pasta, Yakobo naye si alimdanganya baba yake? Alivuna alichopanda." Kweli, Yakobo alimdanganya Isaka, na Biblia haifichi. Lakini soma hadi mwisho. Labani alipomfuata Yakobo, Mungu alimtokea nani usiku kumwonya? Alimtokea Labani, Mwanzo 31:24. Makosa ya zamani ya mfanyakazi hayampi mwajiri ruhusa ya kumdhulumu. Kwa hivyo ukimwona ndugu analia kwa sababu hajalipwa, usimwendee na maneno ya "jichunguze maisha yako." Nenda na unga kwanza.

1. Fanya kazi safi, ingawa Labani hastahili

Katika Mwanzo 31:38 Yakobo anaweza kumwangalia Labani machoni na kumwambia kwamba kwa miaka 20 kondoo na mbuzi hawakuharibu mimba, na kwamba hakula kondoo dume wa kundi lake. Jua lilimchoma mchana, baridi ikamtesa usiku, usingizi ukamkimbia. Alifanya kazi vizuri kwa mtu mbaya.

Kwa nini? Kwa sababu Yakobo alikuwa na msimamizi mwingine juu ya Labani. Wakolosai 3:23 inatuagiza tufanye kazi kwa moyo kama kwa Bwana. Hiyo haimaanishi bosi wako ni Bwana. Maana yake ni kwamba ubora wa kazi yako haupimwi kwa tabia ya bosi.

Lakini hapa lazima niseme wazi, kwa sababu kuna andiko ambalo limetumiwa vibaya. Petro katika waraka wake wa kwanza, 2:18, anawaambia watumwa wawatii hata mabwana wakali. Watu wengine wamelichukua neno hilo na kulifanya kufuli la mdomo wa mfanyakazi. Wapendwa, Petro alikuwa anaandikia watumwa ambao kisheria hawakuwa na mlango wa kutokea. Alikuwa anawafundisha jinsi ya kubaki wa Kristo ndani ya dhuluma. Hakusema dhuluma ni nzuri. Na Paulo, akiandikia watumwa wa wakati huo huo, katika 1 Wakorintho 7:21 anawaambia wakipata nafasi ya kuwa huru waitumie. Wewe una mlango. Nchi hii ina sheria. Usijifanye umefungwa mahali ambapo Mungu ameacha mlango wazi.

2. Weka hesabu

Nilisomea biashara, kwa hivyo mtanisamehe nikisoma Biblia kama mtu wa vitabu vya hesabu. Lakini soma hotuba ya Yakobo katika Mwanzo 31:38 hadi 42 uone. Si kilio tu, ni taarifa. Miaka: 20. Mgawanyo: 14 kwa ajili ya wake, 6 kwa ajili ya mifugo. Mabadiliko ya mshahara: mara 10. Mazingira ya kazi: joto mchana, baridi usiku. Makato: mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa porini alilipwa na Yakobo, aliyeibwa mchana au usiku alilipwa na Yakobo.

Hayo ya makato, mhudumu wa kituo cha petroli ananielewa. Mteja amejaziwa mafuta akaondoka bila kulipa, na mwisho wa mwezi zinakatwa kwako. Keshia wa supamaketi ananielewa. Mlinzi wa usiku ananielewa. Baadaye, katika Kutoka 22:13, Mungu aliweka sheria kwamba mnyama akiraruliwa na mnyama wa porini, mchungaji alete mabaki yawe ushahidi na asilipe. Mungu aliona kilichompata Yakobo kinaweza kumpata mchungaji yeyote, akaweka kifungu.

Na Kenya nayo ina vifungu. Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri akukate kila hasara inayotokea. Mali ikiharibika au ikipotea, makato yanakubalika pale ambapo ni wewe uliyekosea kwa makusudi, na kiasi kiwe cha haki. Pesa taslimu zikipungua, lazima iwe ni kwa uzembe au udanganyifu wako, na mkataba wako uwe umesema waziwazi kwamba umekabidhiwa pesa. Tena makato yote kwa jumla hayapaswi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Sheria hiyo inasema pia una haki ya angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12. Kibarua ambaye siku zake za kazi za mfululizo zimefikia mwezi mmoja, sheria inaanza kumhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi, hata kama bosi anamwita kibarua. Na kabla ya kufukuzwa kwa sababu ya makosa, unapaswa kuelezwa kosa lako kwa lugha unayoelewa na kusikizwa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini.

Sasa wewe, una hesabu? Au una uchungu tu? Nunua daftari la shilingi chache. Andika siku uliyoingia, saa uliyotoka, kiasi ulicholipwa, tarehe uliyolipwa. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Piga picha ya slipu ya mshahara. Piga picha ya ratiba ya zamu. Angalia kama NSSF na SHA inayokatwa kwako inafika. Uchungu bila tarehe haumsaidii afisa wa leba kukusaidia.

Naongea kitu nilichokiona. Kabla ya kuingia huduma ya kanisa wakati wote, nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji. Sitaitaja. Kila mwezi slipu ilionyesha NSSF imekatwa. Kwa zaidi ya mwaka tulikuwa tunanung'unika stoo, kila mtu na mawazo yake. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa dereva, mtu wa maombi, akatuambia tuache kelele na kila mtu aende aitishe taarifa yake ya michango. Tukakuta miezi mingi ni sufuri. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, yenye miezi na viasi, watu 7 tukatia sahihi. Tukaitwa wachochezi. Mzee akasema sawa, nakala moja inaenda ofisi ya leba. Baada ya hapo tuliitwa mezani, na michango ikaanza kupelekwa, ya nyuma ikilipwa kidogo kidogo.

Mwaka wa manung'uniko haukuleta shilingi hata moja. Ukurasa mmoja wenye tarehe ulileta. Lakini pia sitawadanganya: mmoja wa wale 7, kandarasi yake ilipoisha haikuongezwa. Kudai haki kuna gharama, na kanisa lazima liwe tayari kubeba gharama hiyo pamoja na mtu. Nitarudi hapo.

3. Sema, tena mbele ya mashahidi

Katika Mwanzo 31:37 Yakobo anamwambia Labani kitu muhimu sana. Labani amepekua mahema yote na hajapata kitu. Yakobo anamwambia aweke jambo hilo mbele ya ndugu za pande zote mbili, waamue kati yao. Yakobo anaitisha watu wa kati. Miaka 20 Labani alikuwa mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Siku hiyo Yakobo anakataa.

Na ukifikiri hayo ni mambo ya Agano la Kale, nenda Matendo 16. Paulo na Sila wamepigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa. Usiku wameimba, gereza limetikisika, askari wa gereza ameokoka. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu waseme waachiliwe waende zao kimya kimya. Paulo anakataa. Anasema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila hukumu, na wakubwa hao waje wenyewe kuwatoa. Huyo ndiye mtu aliyeimba usiku. Kuimba usiku hakukumzuia kudai haki asubuhi. Sisi tumejifunza usiku wa Paulo tukasahau asubuhi yake.

Kwa hivyo anza na bosi mwenyewe, kwa heshima, kwa maandishi. Asiposikia, nenda na wenzako, au kupitia chama cha wafanyakazi. Asiposikia, ofisi ya leba. Asiposikia, kuna Mahakama ya Ajira na Leba. Sheria inasema kumshtaki mwajiri kwa sababu ya msingi si sababu halali ya kukufuta. Na usikae sana. Ukifutwa kazi bila haki, malalamiko kwa afisa wa leba yanapelekwa ndani ya miezi 3, na kesi ya mambo ya ajira kwa kawaida ina kikomo cha miaka 3. Ukikaa miaka 5 ukisema unamngoja Bwana, unaweza kufika na kukuta mlango umefungwa, halafu useme Mungu hakujibu.

Dada yangu uliyeniuliza swali, ukidai mshahara wako hujamnyang'anya Mungu kazi yake. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Ikiwa pesa yenyewe inalia, kwa nini mwenye pesa anyamaze?

4. Usibebe miungu ya Labani kwenye begi

Hapa naomba tusikizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wazuri huanguka.

Raheli alikuwa na kesi ya kweli. Katika Mwanzo 31:14 hadi 16 yeye na Lea wanasema baba yao amewauza kama wageni na kula pesa yao. Ni kweli. Lakini Raheli alifanya nini? Baba alipoenda kukata kondoo manyoya, aliiba miungu ya nyumbani, akaificha kwenye matandiko ya ngamia na kuikalia.

Unajua tunavyojieleza. Dereva anasema, "Mimi sinyonyi mafuta, najilipa." Mtu wa stoo anasema, "Katoni moja ni yangu, wananidai ovataimu ya mwaka." Muuzaji anaongeza bei kidogo na kubaki na tofauti. Mpendwa, mwizi anayedai bado ni mwizi.

Na ona kilichotokea. Labani alifukuzana na Yakobo siku 7 hadi milima ya Gileadi. Katika yote aliyolalamika, jambo moja tu lilikuwa na uzito: kuna mtu ameiba. Baada ya miaka 20 ya dhuluma, kitu kidogo kwenye begi kilimpa Labani nafasi ya kuwa mlalamishi. Na Yakobo, bila kujua, akatamka kwamba atakayepatikana nacho asiishi. Alikuwa anamhukumu mke aliyempenda kuliko wote.

Kitu hicho kingepatikana, ile hotuba nzuri ya Yakobo isingesomwa leo. Hesabu yote ya miaka 20 ingezimwa na kitu kimoja. Ukitaka kesi yako isimame, begi lako liwe tupu. Simama mlangoni upekuliwe na asipatikane msumari wa Labani.

5. Ondoka kwa mpango

Mungu alimwambia Yakobo arudi nchi ya baba zake, Mwanzo 31:3. Lakini kitu cha kwanza Yakobo alichofanya baada ya kusikia sauti ni kuwaita Raheli na Lea uwanjani wakaongea. Hakufika nyumbani jioni na habari kwamba ameacha kazi. Tena wakati huo alikuwa tayari na kundi lake mwenyewe. Katika ile miaka 6 ya mwisho alikuwa anajenga kitu pembeni.

Kwa hivyo usiondoke kwa hasira ya Ijumaa. Ongea na mwenzako nyumbani. Hesabu kodi ya nyumba ya miezi miwili au mitatu. Kama unalipwa kwa mwezi, kwa kawaida notisi ni ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wenu umetaja muda mrefu zaidi. Itoe, ubaki na nakala. Chukua barua yako ya utumishi. Na kama bado hujaweza kuondoka, mtu yeyote asikuhukumu. Yakobo alikaa miaka 20 na Mungu alikuwa naye yote 20. Kubaki kwa sababu ya karo ya watoto si kukosa imani.

6. Na kama Labani ni sisi?

Sasa tugeuke kidogo, kwa sababu kanisa hili halina wafanyakazi tu. Lina waajiri. Wengine mna maduka, salon, lori, kandarasi za ujenzi. Wengine mmeajiri mtu mmoja tu, yule msichana anayebaki na mtoto mkija kanisani. Wengine ni mama fua wa Jumamosi.

Kumbukumbu la Torati 24:14 na 15 inasema mfanyakazi maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, kwa sababu anaitegemea pesa hiyo, asije akakulilia kwa Bwana ikawa dhambi kwako. Mama fua amefua nguo za watu 5 na mapazia juu, halafu unamwambia, "Nitakutumia jioni." Jioni yake ina watoto. Jua likizama kabla ya ujumbe kuingia kwa simu yake, andiko hilo linakuhusu wewe.

Na msichana wa kazi: analala saa ngapi? Ana siku ya kupumzika? Pesa yake anashika mwenyewe au unamwekea wewe? Siku 1 kwa kila 7 haikuandikwa kwa watu wa ofisini tu. Amri ya Sabato katika Kutoka 20:10 inamtaja mjakazi kwa jina la kazi yake.

Nimewahi kuambiwa na mtu, "Pasta, bosi wangu anakaa viti vya mbele." Sitataja jina, na msianze kugeuza shingo. Lakini nitasema hivi nikiwa nimesimama hapa: zaka haioshi mshahara uliozuiliwa. Yeremia 22:13 inamtamkia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa kumtumikisha jirani bila malipo, na sadaka ya ujenzi haijatengwa kando ya andiko hilo. Ukiwa unadaiwa mishahara, lipa wafanyakazi kwanza, halafu njoo utoe kwa furaha. Mchungaji mkuu ameusoma ujumbe huu kabla haujachapishwa na tunasema kwa sauti moja. Kanisa nalo ni mwajiri. Mlinzi wa lango na wanaofagia ukumbi huu wana mikataba, na wao pia wana haki ya kutuuliza maswali haya haya.

Kama biashara imekwama kweli, na najua miaka hii imebana, usijifiche. Waite wafanyakazi, wafungulie vitabu, kubalianeni tarehe kwa maandishi. Labani hakuwa mbaya kwa sababu ya ukame. Alikuwa mbaya kwa sababu alibadilisha maneno huku mifugo ikiongezeka.

Rundo la mawe

Mwisho wa Mwanzo 31, Yakobo na Labani hawapigani. Wanarundika mawe, wanakula pamoja, na wanaapa kwamba hakuna atakayevuka rundo hilo kumdhuru mwenzake. Asubuhi Labani anawabusu binti zake na wajukuu, anarudi kwake.

Hivyo ndivyo msamaha unavyoonekana wakati mwingine. Samehe kwa moyo wote, kula naye chakula, halafu weka mawe. Kumsamehe bosi hakumaanishi urudi kufanya kazi bila mkataba. Kumsamehe hakufuti deni pia. Unaweza kumwombea baraka asubuhi na kupeleka barua ofisi ya leba mchana, na moyo wako ukawa safi katika yote mawili.

Na Yakobo anasema nini kuhusu siri ya miaka hiyo? Mwanzo 31:42: kama Mungu wa baba zake hangekuwa upande wake, angeondoka mikono mitupu, lakini Mungu aliona alivyoteseka na alivyofanya kazi kwa mikono yake, akatoa hukumu usiku uliopita. Labani hakuhesabu zile saa za baridi. Mungu alizihesabu zote.

Nimesema nitarudi kwa suala la gharama. Kuanzia mwezi huu, kila Jumatano baada ya ibada, meza moja nyuma ya ukumbi itakuwa na watu wawili wa kusaidia kuandika barua na kupanga stakabadhi. Ni bure, na siri yako itabaki siri. Na kwa atakayepoteza kazi kwa sababu amesema ukweli, vikundi vya nyumbani vimeombwa kuhakikisha hakosi unga wala nauli anapotafuta nyingine.

Tuombe

Baba, wewe uliyemwona Yakobo kwenye baridi ya usiku, mwone mlinzi wetu, mshonaji, dereva, mhudumu, mama fua na dada wa kazi. Wape mikono safi na midomo isiyoogopa. Fungua milango kwa wanaotakiwa kuondoka, na wape nguvu wanaobaki. Gusa mioyo yetu sisi tulioajiri, jua lisizame tukiwa na pesa ya mtu. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu anayedai mshahara? Tumewahi kumuuliza?
2. Soma Matendo 16:35 hadi 39. Kwa nini Paulo hakukubali kuondoka kimya kimya?
3. Kila mmoja ajichunguze: kuna kitu cha Labani kwenye begi langu? Kitarudi lini?
4. Walioajiri mtu yeyote: yupo tunayemdai uvumilivu huku sisi tumelipwa? Mlipeni kabla ya Jumapili.